Kuridhia na Kutimiza: Mkataba wa Haki za Wanawake na Nyumba ya Mjane

1. Utangulizi

Eneo la Upanga, jijini Dar es Salaam, limepitiwa na barabara iliyopewa jina la Umoja wa Mataifa. Kwenye upande wake unaoelekea katikati ya jiji ipo barabara nyingine, nayo inaitwa kwa jina la Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa jiji hilo hilo aliyeongoza wanawake wa TANU tangu mwaka 1955 na kuwatia maelfu katika harakati za uhuru. Majina hayo mawili yanatusaidia kueleza jambo linalokusudiwa hapa. Haki ambazo mataifa huzitamka katika mikutano yao hazifiki nyumbani kwa mtu mpaka wawepo watu wa mahali pale wa kuzidai; na madai ya watu hao hupata nguvu zaidi pale taifa lao linapokuwa limekwisha kuweka ahadi mbele ya mataifa mengine.

Makala haya yanaeleza maana ya kuridhia mkataba wa kimataifa, jinsi Tanzania ilivyofikia kuridhia mikataba inayohusu haki za wanawake, na yaliyofuata baada ya hapo. Mfano utakaotumika ni mmoja, nao ni nyumba ya mjane. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la namna hii liingie katika jarida la chuo cha theolojia. Jibu ni kwamba mtu wa kwanza kuelezwa na mjane kwamba ametolewa nyumbani mwake mara nyingi si wakili wala hakimu. Ni mchungaji, mwinjilisti au mzee wa usharika. Asipojua la kumwambia mama huyo zaidi ya kumwombea, atakuwa amemwacha nusu ya njia.

2. Maana ya kuridhia

Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 18 Desemba 1979, na ukaanza kutumika tarehe 3 Septemba 1981. Tanzania ilitia sahihi tarehe 17 Julai 1980, wakati wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Copenhagen. Kutia sahihi ni kuonyesha nia. Nchi iliyotia sahihi inasema kwamba inayakubali makusudi ya mkataba na haitafanya jambo la kuyapinga, lakini bado haijafungwa na masharti yake. Kinachoifunga nchi ni kuridhia. Katika Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa, na baada ya hapo hati ya kuridhia hupelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Tanzania iliridhia mkataba huo tarehe 20 Agosti 1985, bila kuweka pingamizi juu ya ibara yoyote. Tarehe hiyo haikutokea kwa bahati tu. Mwezi uliotangulia, kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai, wanawake wa dunia nzima walikuwa wamekutana Nairobi kufunga Muongo wa Wanawake, na serikali za eneo hili zilikuwa zikitazamwa. Kenya ilikuwa imekwisha kujiunga mwaka 1984. Uganda iliridhia tarehe 22 Julai 1985, mkutano wa Nairobi ukiwa bado unaendelea. Kwa kulinganisha, Marekani ilitia sahihi siku ile ile moja na Tanzania, yaani 17 Julai 1980, wala haijaridhia. Kwa hiyo si kweli kwamba tendo la kuridhia huja lenyewe baada ya sahihi. Linahitaji watu wa kulidai.

Hata hivyo kuridhia hakumalizi kazi. Katika utaratibu wa sheria tuliourithi kutoka Uingereza, mkataba ulioridhiwa haugeuki kuwa sheria ya nchi papo hapo. Bunge hulazimika kutunga sheria ya kuuingiza, au kurekebisha zile zinazopingana nao. Kwa muda wote ambao hilo halijafanyika, mkataba hubaki kuwa ahadi ya taifa ambayo hakimu anaweza kuitazama anapotafsiri Katiba na sheria, lakini ambayo mwananchi hawezi kuishika peke yake na kushinda kesi. Lugha ya Kiswahili yenyewe inatufundisha kitu hapa. Kuridhia ni kuwa radhi, na aliye radhi hasemi kwa midomo huku mikono yake ikifanya mengine.

3. Waliodai

Mara nyingi husikika kwamba haki za wanawake ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na wafadhili. Historia ya jiji la Dar es Salaam haikubaliani na maneno hayo. Wanawake wa Kariakoo na mitaa ya jirani waliokwenda nyumba kwa nyumba pamoja na Bibi Titi hawakusubiri mkataba wowote ndipo wajue kwamba wao ni raia. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walianzisha chama chao, TAMWA, na gazeti lao wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar. Mwaka 1990 wanasheria wanawake nao walisajili chama chao, TAWLA. Mwaka 1993 ulianzishwa Mtandao wa Jinsia Tanzania. Vyama hivi vilifanya kazi ambayo serikali haikuifanya, yaani kuutoa mkataba katika makabati ya wizara na kuueleza kwa lugha ambayo watu wa kawaida wangeielewa.

Mwaka 1995 Mtanzania, Bibi Gertrude Mongella, alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing. Mwaka huo huo lilisajiliwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chini ya uenyekiti wa Profesa Anna Tibaijuka. Baraza hilo lilizungumza waziwazi juu ya ardhi, mirathi na elimu ya uraia. Lilifutiwa usajili mwaka 1997, na Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2009 kwamba kufutwa huko kulikuwa kinyume cha Katiba. Miaka 12 ya kungojea hukumu inatosha kutuonyesha kwamba kudai ahadi ya taifa itimizwe kunaweza kuwa na gharama, hata pale ahadi yenyewe imekwisha kuwekwa.

Pamoja na hayo, matunda yalionekana. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Mwaka 1999 zilipitishwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, ambazo zilitambua haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na hiyo ya pili ikasema kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki hiyo haitakuwa na nguvu. Mwaka 2000 neno jinsia liliingizwa katika tafsiri ya ubaguzi iliyomo katika Ibara ya 13 ya Katiba.

Harakati zilihamia kisha kwenye mkataba wa Waafrika wenyewe. Tarehe 11 Julai 2003, katika mji wa Maputo, Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wanawake katika Afrika. Tanzania iliitia sahihi mwaka huo huo na kuiridhia mwaka 2007. Ibara ya 21 ya Itifaki hiyo inasema kuhusu mjane kwa uwazi usiopatikana katika mkataba wa mwaka 1979: anayo haki ya kupata sehemu ya haki katika mali ya mumewe, na anayo haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Aliyesema kwamba haki za mjane zilitungwa Ulaya anapaswa kukumbuka kwamba maneno hayo yaliandikwa na kupitishwa na Waafrika.

4. Mkataba ulipofika mahakamani

Mifano miwili ya kesi itatuonyesha nguvu ya mkataba ulioridhiwa na pia mpaka wa nguvu hiyo.

Mfano wa kwanza unatoka Kagera. Mwanamke mmoja alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alikwenda mahakamani kudai kwamba mauzo hayo ni batili, kwa kuwa kanuni za sheria ya kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maishani mwake bila kuwa na uwezo wa kuiuza, hali mwanamume angeweza kuuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na mpwa huyo. Mahakama ya Wilaya ilimpa haki mama. Ndipo shauri lilipofika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ni ya ubaguzi na kwamba tangu sasa wanawake na wanaume wangekuwa na uwezo sawa juu ya ardhi ya ukoo. Miongoni mwa sababu zake alitaja mkataba ambao Tanzania ilikuwa imeuridhia miaka mitano nyuma. Tukumbuke kwamba wakati huo neno jinsia lilikuwa bado halijaingizwa katika tafsiri ya ubaguzi ndani ya Katiba. Mkataba ulimpa jaji msingi wa kusimamia.

Mfano wa pili unatoka Shinyanga. Wanawake wawili walifiwa na waume zao wakiwa bado vijana wenye watoto wadogo, na ndugu wa marehemu wakazichukua mali na kuwatoa katika nyumba zao. Kanuni zile zile za mwaka 1963 ziliwapa ndugu hao kisingizio, kwa kuwa zilisema kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba sehemu ya mjane ni kutunzwa na watoto wake. Wajane hao walisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake kufungua kesi ya kikatiba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha, ikiona kwamba desturi haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Wajane walikata rufaa, wakangoja miaka minne. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliiondoa rufaa yao kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika hati ya amri.

Kama habari ingeishia hapo, wajane hao wasingekuwa na pa kwenda. Lakini mnamo Januari 2006 Tanzania ilikuwa imejiunga na Itifaki ya Hiari ya mkataba ule wa mwaka 1979, itifaki inayomruhusu mtu aliyemaliza njia zote za sheria nchini mwake kupeleka malalamiko mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia mkataba. Wajane hao walipeleka malalamiko. Tarehe 2 Machi 2015 Kamati ilitoa maoni yake kwamba Tanzania imevunja mkataba, kwamba wanawake hao walipwe fidia, na kwamba sheria za kimila zinazowabagua wanawake katika mirathi zifutwe au zirekebishwe.

Hapa ndipo msomaji anapoweza kuona faida ya kuridhia. Wanaharakati waliohimiza serikali kujiunga na itifaki ile walikuwa wakidai karatasi ambayo wengi waliiona haina maana kwa mwanamke wa kawaida. Karatasi hiyo ndiyo iliyowafungulia wajane wawili mlango mmoja uliobaki. Hapa pia ndipo unapoonekana udhaifu wake. Maoni ya Kamati hayafuti sheria ya nchi. Yanaikumbusha nchi ahadi yake, na kulitimiza neno hilo ni kazi ya Bunge, ya mahakama na ya wananchi wanaowauliza wabunge wao maswali.

5. Nyumba ya mjini

Baadhi ya wasomaji watadhani kwamba mambo hayo ni ya vijijini na kwamba mjane wa Upanga au Kariakoo ana nafuu. Kwa sehemu ni kweli. Mahakama ziko karibu, na vyama vya msaada wa sheria havikai mbali. Lakini mjini nyumba ina thamani kubwa, na thamani hiyo huamsha tamaa. Katika Kariakoo, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba viwili viwili vinavyotazamana kwenye ukumbi imekuwa kwa vizazi vingi pensheni ya akina mama: mwenye nyumba hukaa chumba kimoja na kupangisha vingine. Leo kiwanja kilicho chini ya nyumba hiyo kina bei kuliko nyumba yenyewe, kwa kuwa anayekinunua anataka kujenga ghorofa na maduka.

Mambo huenda kwa utaratibu ambao wachungaji wengi wanaufahamu. Mume hufariki, labda katika hospitali ya Muhimbili, ambayo nayo iko Upanga. Maiti husafirishwa kwenda kuzikwa kwao, na mjane huifuata. Baada ya mazishi hukaa kikao cha ukoo, ambamo mjane huketi kimya kwa sababu ya msiba na kwa sababu ya desturi. Kikao humteua ndugu wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao hupelekwa mahakamani. Mjane anaporudi mjini hukuta kwamba hati ya nyumba haiko mahali pake, au wapangaji wamekwisha kuambiwa kwamba kodi italipwa kwa mtu mwingine. Hakuna aliyevunja mlango. Kila hatua imefanyika kwa barua na mihuri.

Yako pia maswali ya sheria. Tanzania ilirithi taratibu tatu za mirathi: sheria ya kimila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo humpa mjane theluthi moja ya mali pale marehemu anapoacha watoto. Mkristo aliyeishi mjini maisha yake yote na kufunga ndoa kanisani anaweza kuonekana mahakamani kuwa mtu wa sheria hiyo ya tatu, au akaonekana kuwa mtu wa kabila lake anayefuata mila. Mahakama hutazama jinsi alivyoishi na alivyokusudia. Kwa hiyo ushahidi wa ndoa, wa wosia na wa maisha ya nyumba hiyo unaweza kuamua kama mjane atapata theluthi au hatapata kitu. Ushahidi wa namna hiyo mara nyingi umo katika daftari za usharika.

6. Neno la Mungu na sheria ya urithi

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi, ambao Maandiko yanawataja kila mmoja kwa jina lake, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote. Baba yao alikuwa amekufa bila kuacha mwana wa kiume. Walidai milki kati ya ndugu za baba yao. Musa hakuwajibu kwa desturi iliyokuwapo. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena haki. Kutokana na madai yao ilitolewa amri kwa Israeli yote.

Wahubiri wengi huishia hapo, lakini habari inaendelea katika sura ya 36. Wakuu wa ukoo walikuja wakiwa na hofu kwamba binti hao wakiolewa na watu wa kabila lingine, ardhi itatoka katika kabila la Manase. Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa mbele ya mahakama katika kesi ya Kagera, na ndiyo inayosemwa katika vikao vya koo mpaka leo. Maandiko hayaidharau; binti hao waliagizwa kuolewa ndani ya kabila la baba yao. Lakini tuangalie kitu ambacho hakikufanyika. Hofu ya ukoo ilisikilizwa bila kuwanyang'anya binti milki yao. Katika nchi ambayo watu wa makabila yote wanaoana na kuishi mtaa mmoja, hatuwezi kulitumia agizo la sura ya 36 kama lilivyo. Tunaweza kujifunza kwamba umoja wa ukoo hautafutwi kwa kumfukuza mwanamke.

Sisi Walutheri tunayo pia Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ambayo kila kipaimara ameisoma. Katika kuieleza amri ya tisa, Luther hasemi tu juu ya tamaa ya moyoni. Anataja urithi na nyumba ya jirani, na anaonya dhidi ya mtu anayezitafuta kwa hila na kujipatia kwa namna inayoonekana kuwa halali. Anaongeza kwamba wajibu wetu ni kumsaidia jirani avihifadhi vilivyo vyake. Ni vigumu kupata maelezo yanayokifaa zaidi kikao cha ukoo chenye muhtasari na muhuri. Mafundisho haya tunawapa vijana wetu wakiwa na umri wa miaka 14 au 15. Wanapofikia umri wa kukaa katika vikao vya mirathi tunasahau kuwakumbusha.

7. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kanisa lisijiingize katika siasa, kwa kuwa Luther alitenganisha utawala wa kiroho na utawala wa kidunia. Ni kweli kwamba Kanisa halitungi sheria za nchi wala halina mbunge wake. Lakini Luther alifundisha kwamba tawala zote mbili ni za Mungu, na kwamba sheria ya kidunia imewekwa ili kuzuia uovu na kuwalinda wanyonge. Anayeikumbusha serikali kazi hiyo hachanganyi tawala hizo. Zaidi ya hayo, Dar es Salaam ndiko ulikofanyika, mwaka 1977, Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliotamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ungamo la imani. Mkutano huo ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kanisa lililoweza kusema juu ya ubaguzi uliofanyika maelfu ya kilomita kutoka hapa haliwezi kukaa kimya juu ya ubaguzi unaofanyika katika nyumba za washarika wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Itifaki ya Maputo, katika Ibara ya 14, inagusa utoaji mimba katika hali fulani, na makanisa kadhaa ya Afrika Mashariki yaliipinga kwa sababu hiyo. Kenya na Uganda, zilipoiridhia mwaka 2010, ziliweka pingamizi rasmi juu ya jambo hilo. Wakristo wenye dhamiri njema wanatofautiana hapa, na makala haya hayakusudii kuumaliza mjadala huo. Tunasema jambo moja tu. Tofauti juu ya ibara moja haiwezi kuwa sababu ya kuzifungia kabatini zile nyingine, hasa Ibara ya 20 na ya 21 zinazomhusu mjane. Mifano ya Kenya na Uganda inaonyesha kwamba upo utaratibu wa kusema hapana kwa neno moja na kusema ndiyo kwa mengine.

8. Kazi ya usharika

Kanisa letu linajua kwa uzoefu wake umbali uliopo kati ya kuamua na kutenda. Mwaka 1990 KKKT ilikubali kubariki wanawake kuwa wachungaji, lakini si dayosisi zote zilizoanza kufanya hivyo wakati mmoja. Nyingine zilichukua miaka mingi. Tukiyajua hayo, tutaisema serikali kwa unyenyekevu, na tutaanza na yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, mafundisho ya ndoa yaingize somo la mirathi. Wachumba wafundishwe kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Pili, wosia uhubiriwe bila hofu. Wengi wanaogopa kwamba kuandika wosia ni kujiitia mauti, na mchungaji anayeandika wa kwake na kuwaeleza washarika atasaidia kuiondoa hofu hiyo. Wosia unaweza kuhifadhiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, au kwa wakili, wala usiachwe ndani ya sanduku linaloweza kubebwa pamoja na vyombo. Tatu, daftari za ndoa na ubatizo zitunzwe kama mali ya wajane na yatima, maana siku ya kesi ndizo shahidi wao. Nne, mchungaji anayeongoza mazishi asirudi mjini kabla ya kuuliza ni lini kikao cha ukoo kitakaa na ni nani atakayeketi pamoja na mjane. Mzee mmoja wa usharika anayekaa kikaoni bila kusema neno anaweza kubadili maneno ya wengine.

Tano, usharika uwaulize wabunge wake. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Bibi Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi huo mwezi Oktoba 2019, na muda wa mwaka mmoja uliokuwa umetolewa ili sheria irekebishwe ulipita bila marekebisho kufanywa. Bunge halisukumwi na hukumu peke yake. Husukumwa na wapiga kura, na wapiga kura wengi wanaketi katika makanisa yetu kila Jumapili.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kuridhia mkataba ni tendo la kisiasa ambalo limepatikana kwa jasho la watu, wengi wao wanawake wa jiji hili na nchi hii. Tumeona kwamba tendo hilo lilimpa jaji wa Mwanza msingi wa hukumu na likawapa wajane wa Shinyanga mahali pa mwisho pa kusikilizwa. Tumeona pia kwamba haliwezi lenyewe kuirudisha hati ya nyumba iliyochukuliwa wakati mama yuko msibani.

Bwana Yesu alisimulia habari ya mjane aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara akidai haki yake, mpaka kadhi akachoka naye (Luka 18:1-8). Mfano huo unatufundisha kuomba bila kukata tamaa, nasi tumeuhubiri hivyo kwa haki. Lakini mjane yule alikwenda peke yake. Injili haituambii kwamba yeyote katika mji ule alimsindikiza. Katika mji wetu, na katika kila usharika ambako makala haya yatasomwa, jambo hilo liko mikononi mwetu.